Wazee Waliokataa Kuhitimu

Msomaji asijisumbue kuitafuta Jamhuri ya Upesini kwenye ramani. Walioitafuta walikuta mahali pake pana doa la chai, na afisa ramani alipoulizwa alisema doa hilo ni mali ya taifa, lisifutwe. Basi tuseme tu kwamba ipo, ipo mbali sana na hapa, na kwamba yaliyotokea huko hayawezi kutokea kwetu hata siku moja.

Katika nchi hiyo alikuwepo kijana aliyeitwa Tumsifu, mwenye shahada ya ustawi wa jamii, mashati mawili meupe, na moyo mweupe kuliko mashati yote mawili. Aliamini kwamba serikali ikielezwa jambo vizuri, huelewa. Aliamini pia kwamba andiko likiwa na marejeo ya kutosha mwishoni, nchi hubadilika. Alikuwa na miaka ishirini na sita, tumsamehe.

Tasnifu yake iliitwa "Thamani ya Vituo vya Kutwa kwa Wazee: Mtazamo wa Kinadharia". Ilikuwa na kurasa mia moja na kumi na mbili, na ilieleza kwamba mzee anayeshinda peke yake ndani hunyauka, lakini akipata mahali pa kwenda asubuhi, wenzake wa kubishana nao, kazi ya kushika mkononi na njia ya kurudi kwake jioni, anakuwa mtu tena. Maneno hayo yalikuwa ya kweli kabisa. Tumsifu aliyaandikia sebuleni, huku chumbani bibi yake, Bibi Sekela, aliyemlea tangu akiwa na miaka mitatu, akiita kila baada ya dakika kumi.

"Tumsifu! Wee Tumsifu!"

"Naam, Bibi."

"Njoo tuzungumze."

"Subiri kidogo, Bibi. Naandika kuhusu upweke."

Alipata alama A.

*

Bibi Sekela alikuwa amechambua barua katika posta kuu ya Upesini kwa miaka thelathini na mmoja. Alijua sanduku la kila mtu, nani anaandikiwa na nani, na nani anangoja barua isiyokuja. Kisha akastaafu, posta nayo ikafungwa, na jengo likawa duka la magauni ya harusi.

Wiki ya pili baada ya Tumsifu kuajiriwa wizarani, Bibi alivaa koti lake la kazi la rangi ya kaki, akatembea mpaka lile duka, akasimama kwenye kaunta katikati ya mashela na kudai gunia lake la asubuhi. Wale mabinti wa dukani walikuwa na adabu. Walimpa kiti na soda, wakampigia simu mjukuu.

Kuanzia siku hiyo Tumsifu alimwekea bibi yake uji kwenye chupa ya chai, akaweka na kikombe pembeni, kisha akafunga mlango kwa nje kwa kufuli. "Ni kwa usalama wake," alijiambia kila asubuhi. Haya ni maneno ambayo katika Jamhuri ya Upesini husemwa na kila mwenye ufunguo.

Mwezi wa nne wa kufuli, alirudi jioni akakuta uji haujaguswa. Bibi alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa koti lake, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni. Alimtazama Tumsifu kama mteja aliyekuja wakati dirisha limeshafungwa.

"Wewe ni nani? Umekuja kuchukua mzigo?"

"Ni mimi, Bibi. Tumsifu."

"Tumsifu yuko shule. Anarudi saa nane." Kisha akashusha sauti, kama anayemwomba mtu mgeni hisani. "Usiufunge huo mlango, baba. Mtoto akirudi atakosa pa kuingilia."

Kesho yake asubuhi Tumsifu aliichukua tasnifu yake, akaifuta vumbi kwa mkono wa shati, akaipeleka kwa Waziri.

*

Waziri wa Ustawi, Wazee na Sherehe Ndogo Ndogo, Mheshimiwa Dokta Nyangalio, aliipima tasnifu ile kwa kuinyanyua kwa mkono mmoja.

"Nzito," alisema. "Vizuri. Sasa niambie, kijana. Kuna utepe?"

"Utepe, Mheshimiwa?"

"Wa kukata."

Tumsifu alifikiri. "Kituo kitakuwa na mlango, Mheshimiwa."

"Basi kuna utepe," alisema Waziri, na hivyo ndivyo Jamhuri ya Upesini ilivyopata kituo chake cha kwanza cha kutwa cha wazee. Tumsifu aliteuliwa papo hapo kuwa Mkurugenzi, kwa kuwa ndiye pekee aliyekuwa amesimama chumbani.

Ilibaki kanuni. Kwa kanuni, mtu hupelekwa kwa Bwana Ndimbo, Afisa Taratibu na Mkaguzi, aliyekaa kwenye chumba chenye makabati kumi na moja na kalamu moja nyekundu.

"Kijana," alisema Bwana Ndimbo, "wizara hii tangu izaliwe imeandika kanuni moja tu kwa mkono wake yenyewe. Ya majosho ya ng'ombe. Nyingine zote tumechukua iliyopo, tukafuta neno moja, tukaandika jingine juu yake. Ya zahanati tuliitoa kwenye josho moja kwa moja. Hujawahi kuona wagonjwa wanaingia mlango huu, wanatokea ule, na hakuna aliyewauliza wanaumwa nini?"

Tumsifu alikuwa ameona.

Bwana Ndimbo alifungua kabati la saba, akatoa Kanuni za Shule za Chekechea, akalowesha kidole, na mbele ya macho ya Tumsifu akapita ukurasa baada ya ukurasa akifuta "mtoto" na kuandika "mzee". Ilimchukua muda wa kunywa chai. "Weka sahihi hapa," alisema.

Tumsifu aliweka sahihi. Yeye aliyetaka Waziri asome kurasa mia moja na kumi na mbili hakusoma kurasa kumi na nne. Alikuwa na furaha mno. Alikuwa akifikiria kufuli.

*

Siku ya ufunguzi Waziri alihutubia kwa saa mbili.

"Wazee ni hazina!" alinguruma. "Na hazina, ndugu wananchi, haiachwi nje ikanyeshewa! Serikali yenu sikivu imesikia kilio cha wazee, ambao, niseme ukweli, hawakulia! Tumewahi kabla hawajalia! Hiyo ndiyo kasi ya Upesini!"

Utepe ulikatwa, picha zikapigwa, magari yakaondoka. Wakabaki wazee thelathini na saba kwenye mabenchi, na mabenchi yenyewe yalikuwa ya chekechea, magoti yakafika kidevuni.

Tumsifu akafungua fomu ya kwanza. Mbele yake alisimama Mzee Chaulema, mwalimu mkuu mstaafu, mwenye umri wa miaka themanini na mmoja na suti yenye kola iliyopigwa pasi.

"Jina la mzee," Tumsifu alisoma. "Jina la mzazi. Sahihi ya mzazi." Akageuza fomu, labda upande wa pili kungekuwa na nafuu.

"Baba yangu alifariki mwaka wa nzige," alisema Mzee Chaulema. "Nimpeleke wapi hiyo fomu?"

"Lete hapa." Aliyesema ni Bi Kidawa, mama ntilie mstaafu wa stendi kuu, mwanamke mwenye mikono minene na sauti iliyozoea kushindana na honi. Akachukua kalamu, akatia sahihi kwa madaha. "Tayari. Kuanzia leo mimi ndiye mama yako. Futa kamasi ukae."

"Nakuzidi miaka tisa!"

"Na mdomo pia. Kaa."

Hivyo kila mzee akapata mzazi papo hapo benchini, na kazi ikaendelea. Walivaa aproni za bluu zilizotariziwa majina, na kifuani kila mmoja akabandikiwa kitambaa cha pua kwa pini, kama Kanuni ya Tisa inavyoagiza. Lakini Kanuni ya Nne ndiyo iliyomtoa Tumsifu jasho: kila asubuhi wazee watasimama mstari mmoja na kumwamkia mkuu wa kituo.

Wakasimama. "Shikamoo, mwaliiimu!" waliimba, Bi Kidawa akiongoza, sauti ikitoka kwa utamu wa kejeli tupu.

Tumsifu alihisi ardhi ikiondoka chini ya viatu vyake. Watu wa rika la bibi yake! Hakuweza kusema marahaba, ulimi ulikataa. Akapiga goti pale pale sakafuni. "Shikamooni, wazee wangu," akasema. Ikawa shikamoo imekutana na shikamoo katikati ya chumba, na hakuna wa kuipokea. Mwishowe Mzee Chaulema akasema "Marahaba" kwa niaba ya pande zote mbili, na tangu hapo hiyo ikawa kazi yake kila asubuhi.

*

Tumsifu alikuwa ameandaa ratiba kwa kufuata sura ya tano ya tasnifu yake. Saa mbili: kupumzika. Saa tatu: mazoezi ya kupumua. Saa nne: kupumzika baada ya kupumua. Saa tano: mazungumzo yenye mwongozo, mwongozo ukiwa yeye.

"Mwanangu," alisema Bi Kidawa siku ya pili, "nyumbani kwa mkwe wangu nimepumzishwa miaka sita. Kila nikishika sufuria, 'Mama, pumzika.' Nikishika ufagio, 'Mama, pumzika.' Nimechoka kupumzika mpaka mifupa inaniuma. Na huu uji wenu kapika nani?"

"Jiko la wizara, Bi Kidawa."

"Umepikwa, au wameoshea sufuria?"

Kabla ya saa sita alikuwa ameliteka jiko. Mzee Chaulema naye aliiona kengele imetundikwa ukutani bila mwenyewe, akaitwaa, na kuanzia hapo kituo kikaenda kwa saa yake. Wazee wawili wakaanzisha meza ya bao, wengine wanne wakaanzisha ugomvi wa namna ya kulicheza. Ratiba ya Tumsifu ilitumika kuwashia mkaa. Alihuzunika kidogo, alikuwa ameipaka rangi tatu.

Bibi Sekela peke yake hakuguswa na lolote. Siku tatu aliketi pembeni na koti lake juu ya aproni, akiutazama mlango. Kila mara Tumsifu alipopita alimwambia neno la kutia moyo kutoka sura ya sita, na kila mara Bibi alimtazama kama bahasha isiyo na anwani.

Siku ya nne Bi Kidawa alitoka jikoni na gunia dogo la maharage, akalimimina mezani mbele ya Bibi Sekela.

"Shoga, nisaidie. Macho yangu hayaoni mawe."

"Bi Kidawa, taratibu," Tumsifu aliingilia. "Huyu bado yuko kwenye hatua ya—"

"Toka hapo."

Tumsifu akatoka hapo.

Kwa muda Bibi hakusogea. Kisha mkono wa kuume ukainuka, ukashuka kwenye maharage, na vidole vikaanza. Mazima huku, yaliyotobolewa huku, mawe kule. Polepole, kisha upesi, kisha upesi ambao hakuna mtu pale chumbani aliyekuwa ameuona katika Jamhuri ya Upesini yote. Lilipobaki rundo la mwisho, aliinua kichwa akamtazama mtu aliyekuwa amesimama mbele yake na kengele.

"Wewe si Sanduku la Posta mia mbili na kumi na sita?"

Mzee Chaulema alishtuka. "Ndilo langu."

"Mwalimu Chaulema. Uliandika barua ya kuomba madawati. Ikarudi. Hukubandika stempu."

"Nilibandika!"

"Hukubandika."

"Mama, nimeandika barua za serikali maisha yangu yote, siwezi kusahau stempu!"

"Bahasha ya kaki, imepinda kona moja. Nililamba kidole nikapapasa kuona kama ilidondoka. Hapakuwa na alama ya gundi. Hukubandika."

Walibishana mpaka saa kumi. Wazee wengine waligawanyika pande mbili, walioamini stempu ilikuwepo na walioamini haikuwepo, na bao likasimama. Jioni, njia nzima, Bibi alitembea kwa hasira nzuri. Mlangoni aligeuka, akamtazama mjukuu wake juu mpaka chini.

"Tumsifu, mbona umekonda hivyo? Hao wizarani hawakulishi?"

Tumsifu, ambaye katika sura ya nne alikuwa ameandika kwamba mtoa huduma asiruhusu hisia zake ziingie kazini, aliegemea mlango akalia kama mtu aliyeibiwa. Kisha akalichukua lile kufuli, akalifukia ndani ya debe la unga.

*

Mwaka ulipokwisha, Tumsifu alifanya kosa ambalo ni msomi tu anayeweza kulifanya: aliandika taarifa.

Iliitwa Taarifa ya Mafanikio. Ilikuwa na michoro ya rangi, na ilithibitisha kwamba wazee wa kituo wameimarika kwa asilimia tisini na tatu. Wanakula. Wanacheka. Mmoja anakumbuka masanduku ya posta elfu moja na mia nne. Alitaka wizara ifurahi na kufungua vituo vingine kumi. Alipokuwa akiandika ukurasa wa mwisho machozi yalimlenga, akajiona mtu wa maana sana.

Bwana Ndimbo alimwita. Alikuwa amesimama, jambo lisilo la kawaida, na alimpa mkono.

"Hongera, kijana. Wamepona uzee."

"Hawajapona uzee, Mkuu. Wana mahali pa kwenda tu."

"Asilimia tisini na tatu umeandika mwenyewe. Sasa Kanuni ya Thelathini na Moja." Akavaa miwani. "'Mzee akishafikia kiwango, atafanyiwa mtihani, atahitimu, atavishwa joho na kukabidhiwa kwa hatua inayofuata. Hataruhusiwa kurudi.'"

"Hatua inayofuata ni ipi?"

"Kwenye chekechea ilikuwa darasa la kwanza. Hilo nimelifuta." Bwana Ndimbo alitazama darini kwa muda. "Juu yake bado sijaandika kitu."

"Na kituo?"

"Kituo kikishafanikiwa hufungwa. Jengo litakuwa Makumbusho ya Mafanikio ya Kituo. Mheshimiwa ameshaagiza utepe na majoho."

"Mkuu, niruhusu niirekebishe taarifa. Nilizidisha chumvi."

"Mafanikio yakishapokelewa hayarudishwi," alisema Bwana Ndimbo kwa upole, kama daktari anayempa mtu habari ya msiba. "Labda wafeli. Anayefeli anarudia mwaka, na mwalimu wake anapewa barua ya onyo. Lakini wako hawawezi kufeli. Taarifa yako nzuri mno."

*

Asubuhi iliyofuata Tumsifu alisimama mbele ya mabenchi. Alikuwa ameandaa hotuba yenye utangulizi, kiini na hitimisho. Alisema utangulizi, ulimi ukakwama.

"Sema, mwanangu," alisema Bi Kidawa. "Hatuna umri wa kungoja."

Akasema yote: taarifa, mtihani, majoho, mlango kufungwa. Alisema pia kwamba kosa ni lake. Mzee mmoja alianza kubandua kitambaa chake kifuani, polepole, akikikunja vizuri.

Bibi Sekela alikuwa na maharage mkononi. "Kwa hiyo tukifaulu," aliuliza, "unanifungia tena?"

Mwaka mzima hawakuwahi kulitaja kufuli. Tumsifu alikuwa amejiambia kwamba Bibi hakumbuki.

"Nitalazimika kwenda kazini, Bibi," alisema, na sauti yake ikawa ndogo kama ya mtoto anayetafuta uongo na kuukosa. "Ndiyo. Nitakufungia."

Bibi aliyarudisha maharage mezani, punje moja moja.

"Basi tunafeli," alisema Bi Kidawa.

"Mimi?" Mzee Chaulema aliruka kama aliyemwagiwa maji. "Mimi Chaulema sijawahi kufeli maishani mwangu!"

"Ndoa mbili," alisema Bi Kidawa.

"Nimesema mtihani!" Alizunguka chumba na kengele yake chini ya kwapa, akasimama dirishani, akakohoa. Aliporudi alikuwa na sura ya mwalimu mkuu siku ya kufungua shule. "Sikilizeni. Kufeli si jambo la kukurupuka. Mkifeli ovyo ovyo mkaguzi atashtuka. Nimesahihisha majibu mabovu miaka thelathini na minane, na yote ninayo kichwani. Chukueni kalamu."

"Lakini wazee wangu," Tumsifu alisema kwa unyonge, "huo si udanganyifu?"

Wazee thelathini na saba walimgeukia.

"Kijana," alisema Mzee Chaulema, "kaa chini. Una kalamu? Andika."

Wiki mbili kituo kilisomea kufeli. Walifundishwa kusita mahali panapofaa, kukuna kichwa, na kutazama nje ya dirisha. Bibi Sekela ndiye aliyekuwa mwanafunzi mgumu. Kila alipoulizwa swali, jibu sahihi lilimtoka kabla hajalizuia.

"Sekela, utatuponza," Mzee Chaulema alilalamika.

"Ulisahau stempu," Bibi alimjibu.

*

Siku ya mtihani turubai lilifungwa, majoho thelathini na saba yakaning'inia kwenye kamba, na Waziri akaketi mbele na mkasi wake mapajani. Bwana Ndimbo alisoma maswali ya chekechea kama yalivyo.

"Mzee Chaulema. Moja ongeza moja?"

Mzee Chaulema alisimama wima. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kola. Midomo ilijipanga kusema jibu, akaing'ata. "Kumi," alisema, akafumba macho, "na moja." Akaketi na kujifunika uso kwa kitambaa cha pua, na safari hii hakuwa akiigiza.

"Bi Kidawa. Taja rangi za bendera ya taifa."

"Ipi, baba? Ile iliyopauka au ile iliyochanika?"

Bwana Ndimbo alitazama bendera, akamtazama Waziri, akaandika haraka. "Amefeli."

Mmoja baada ya mwingine walianguka. Waziri aliacha kuchezea mkasi. Akabaki Bibi Sekela, na swali lake lilikuwa la mwisho kwenye karatasi: mzee amtambue mlezi wake anayekuja kumchukua jioni. Tumsifu akaitwa mbele. Alisimama hatua mbili kutoka kwa bibi yake, akajaribu kutabasamu.

Bibi alimtazama.

"Huyu kijana simjui," alisema.

"Mtazame vizuri, Bibi," alisema Bwana Ndimbo.

"Nimemtazama. Amekuja kuchukua mzigo?"

Ilikuwa sauti ile ile ya jioni ile, na macho ni yale yale. Tumsifu alitafuta usoni mwake alama yoyote ya utani, hakuiona. Alisikia kalamu nyekundu ikikwaruza karatasi, alisikia Waziri akisema "Wote? Wote thelathini na saba?", lakini yote yalitoka mbali.

Waziri alisimama. Hotuba yake ilikuwa ya pongezi, kwa hiyo ilimbidi aigeuze hapo hapo. "Wizara yangu haitavumilia wazee wazembe!" alinguruma. "Nasema, na nasema tena: watarudia mwaka! Na wakifeli tena, watarudia tena! Hata ikichukua maisha yao yote!"

Wazee waliinamisha vichwa kwa aibu. Mabega yalitikisika, na kila mmoja akaubana mdomo wake kwa kitambaa cha pua. Kanuni ya Tisa, baada ya yote, ilikuwa na maana. Waziri akaukata utepe kwa heshima ya mwaka wa kurudia, kwa sababu utepe ulikuwepo, akaondoka.

*

Walirudi nyumbani kwa miguu. Mfukoni Tumsifu alikuwa na barua ya onyo iliyoandikwa, ikabandikwa stempu na kukabidhiwa siku hiyo hiyo, jambo la kwanza katika historia ya nchi kufanyika upesi. Hakuwa akiifikiria. Alikuwa akimtazama bibi yake kwa pembe ya jicho, akiogopa kuuliza.

"Bibi," alisema mwishowe.

"Nishikie mkoba."

Akaushika. Wakapita duka la magauni ya harusi. Mabinti wa dukani walimpungia Bibi, naye akawapungia.

"Yule mheshimiwa wenu mwenye mkasi," Bibi alisema, "ni Sanduku la Posta namba tisa. Watu walimwandikia, we! Nilijaza barua mpaka mlango wa sanduku ukawa haufungi. Hakuja kuchukua hata moja."

Tumsifu alisimama katikati ya njia. Pumzi ilimtoka kama aliyetua gunia.

"Na mimi, Bibi? Mimi ni sanduku namba ngapi?"

"Wewe huna sanduku. Barua za mama yako nilikuwa nakuletea mwenyewe, mkononi." Alimvuta kiwiko waendelee. "Hebu soma hiyo ya leo."

Tumsifu akaitoa, akasoma kwa sauti. Ilisema kwamba ameshindwa kazi kuliko mtumishi mwingine yeyote tangu wizara iundwe, na kwamba aendelee nayo hadi atakapojirekebisha. Bibi aliichukua, akapapasa kona ya bahasha kwa kidole alicholamba.

"Hii imebandikwa vizuri," alisema. "Itundike ukutani, pale ulipoweka ile ya shahada."

Walifika mlangoni. Bibi akausukuma mwenyewe, ukafunguka.

"Na kesho tuwahi," alisema. "Chaulema anasema mwakani maswali yatakuwa rahisi zaidi, na anayemhofia ni mimi, nisije nikafaulu."